Kichwa Kipo?

Anaeli mwanangu,

Mambo ya soksi, pasipoti na chanjo ameshayamaliza mama yako, na mimi si mtu wa kurudia kazi iliyofanywa vizuri. Ninaandika kwa sababu mlango wako umefungwa, na ukifunguka asubuhi utafunguka kwa ajili ya mama yako na begi lako, si kwa ajili yangu. Ulisema, "Kesho nitakwenda uwanja wa ndege na mama. Wewe baki." Ulisema kwa Kiswahili. Tangu uanze shule nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiswidi, nikazoea; kumbe ulikuwa unakiweka akiba kwa siku ya kunikasirikia. Kilikaa sawasawa. Sikuona la kusahihisha.

Nje bado kweupe. Mwezi huu wa sita, hapa Jakobsberg, Uswidi, hakuna giza la kumfichia mtu anayeandika barua. Jirani wa ng'ambo amepita mara mbili na mbwa wake na mara zote mbili amenitazama mezani kama mtu anayetazama televisheni. Mama yako amelala, au anajifanya. Kabla hajaingia chumbani alisimama hapo jikoni, akaniambia taratibu, "Baba Anaeli, mwaka juzi ulimwambia apande alipotakiwa kushuka. Mwaka huu unamwambia ashuke hata hajapanda. Mtoto akusikilize lini?"

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kalamu haikatizwi na mama yako.

Nianze na lililotokea mezani, maana najua wewe unalijua kwa upande wako tu. Wiki hizi zote tumepanga safari hii pamoja, wewe na kompyuta yako, mimi na vitabu vya maktaba. Mwaka mzima utakaa Lima, Peru, wewe na rafiki yako Hanna, mkisaidia kwenye shule ya watoto wadogo. Lakini kwanza ni ile siku moja uliyoiota tangu ukiwa na meno ya maziwa, siku ya kutembezwa kwenye magofu ya Wainka juu ya mlima. Ukapanga: Jumatatu asubuhi mnatua Cusco, mchana mnazunguka mji, Jumanne alfajiri gari, halafu treni, halafu basi la kupanda kona kona, halafu magofu, na usiku mnarudi mjini kulala. Kila kitu kwenye jedwali lako kina rangi yake. Hata kulala kuna rangi.

Nikakwambia mji ule uko juu sana. Ukaniambia, "Pappa, magofu yako chini kuliko mji. Kuna ubaya gani?" Na ni kweli, nilikwenda kuangalia nikakuta ni kweli. Watu wote wanauogopa mlima wa magofu, kumbe mlima ni mpole. Mkali ni mji wa kulala. Mnatoka usawa wa bahari, ndege inawapandisha kwa muda wa kunywa chai, inawaacha karibu na kimo cha Horombo, kibanda chetu cha pili Kilimanjaro, halafu mnapanga kuzunguka masoko. Sisi kwetu kufika Horombo mtu anapanda kwa miguu siku mbili, na bado wapo wanaotapika. Nilikueleza hivyo. Ukasema, "Det är lugnt," yaani hakuna tatizo.

Neno hilo, binti yangu, ndilo lililonifanya nikose usingizi. Siyo Cusco.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilichukua anwani ya yule mama kiongozi atakayewatembeza magofuni, Bi Justina, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha kujifunza kwenye redio. Nikamwambia mimi ni baba yako na ni mtaalamu wa milima. Mtaalamu. Miaka yote hii nabadilisha balbu za ngazi na kuziba mabomba kwenye majengo ya watu, lakini mbele ya kompyuta mtu hupanda cheo haraka. Nikamwomba asogeze siku yenu kutoka Jumanne hadi Alhamisi ili mpate kupumzika. Akakubali kwa adabu, akakujibu wewe. Na wewe ukaisoma barua hiyo kwa sauti leo jioni tukiwa tunakula, neno kwa neno, ukidhani kuna mtu amekosea jina.

"Kama baba yako alivyoomba."

Mama yako aliweka upawa chini. Ukanitazama. Nilitaka kusema kitu kuhusu mchuzi.

"Alhamisi ndiyo siku tunayotakiwa kuripoti shuleni," ulisema. "Hukuniuliza."

Kweli, sikukuuliza. Nilijua kimo cha Cusco, nilijua treni inapita bonde gani, nilijua kwamba Wainka hawakuwa na gurudumu na kila kilichoingia mji ule kilipanda mgongoni mwa mtu au mwa mnyama. Sikujua shule yako inaanza lini. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote cha maktaba ya Jakobsberg. Lilikuwa kwenye chumba cha pili, nyuma ya mlango ambao wakati huo haukuwa umefungwa.

Sasa nikueleze mahali neno lako la 'lugnt' lilipotoka, maana nadhani unafikiri umelipata shuleni.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mpagazi. Hilo unalijua, umelisikia mpaka umechoka, na rafiki zako wamelisikia, na yule fundi wa mashine ya kufulia amelisikia. Unachosikia daima ni baridi, nyota, na wageni waliobeba viatu sita. Sijawahi kukuambia habari ya swali la asubuhi kama lilivyokuwa hasa.

Kila asubuhi kabla hatujajitwisha, kiongozi wetu Mzee Nderumaki alipita mstarini na kikombe chake cha uji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Kwa kila mmoja alisimama akauliza, "Kichwa kipo?" Na kila mmoja alijibu, "Kipo." Basi. Akaenda kwa mwingine. Maana yake, je, mlima umekushika? Kinakugonga? Kinazunguka? Na jibu lilikuwa moja, kwa sababu aliyesema kichwa hakipo aliteremshwa, na aliyeteremshwa jina lake lilichelewa kuitwa safari ijayo. Halafu kulikuwa na jambo jingine, la kwetu wenyewe. Tumezaliwa tunauona mlima ule kila tukifungua mlango wa jikoni. Mchagga kuumwa na Kilimanjaro ilikuwa kama mtu kung'atwa na mbwa wa nyumbani kwao: unaumia, na juu ya kuumia unachekwa.

Asubuhi moja pale Horombo niliamka kichwa kinanigonga kama mtu yuko ndani anatengeneza bati. Bamdogo wako Elirehema alikuwa nami, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akaniangalia nikishindwa kukunja blanketi.

"Kaka, umekuwa kama majivu."

"Ni moshi wa jiko."

"Jiko halijawashwa."

"Basi ni moshi wa jana."

Mzee Nderumaki akafika. Kichwa kipo? Kipo, Mzee. Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, lakini swali lilikuwa limejibiwa. Nikaweka ngata, nikajitwisha jiko la mafuta ya taa na trei za mayai, nikaenda.

Ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo hauna mti wala kivuli, na njia unaiona yote mbele yako, jambo ambalo si zuri kwa mgonjwa. Katikati yake nilikaa chini. Sikuamua kukaa; nilikuta nimekaa. Naambiwa nilikuwa nayahesabu mayai kwa sauti na kila mara naanzia saba. Elirehema aligawana mzigo wangu na wenzake. Mzee Nderumaki alirudi, akaniangalia macho. Alimwita msaidizi wake, mtu pekee mwingine aliyeruhusiwa kupeleka wageni kileleni, akamwambia anishushe.

Mimi nilishuka, nikapona njiani, kama wote wanavyopona wakishuka. Kama yangeishia hapo, ningekuwa nimepata kisa cha kuchekesha. Lakini kwenye kundi lile kulikuwa na mgeni mmoja, mama wa Kijerumani, mwalimu aliyestaafu, mwenye mwendo wa polepole. Alikuwa na nguvu zake, ila alikwenda kwa hatua zake. Wageni walipoondoka usiku kwenda kileleni walikuwa na kiongozi mmoja badala ya wawili. Hakukuwa na mtu wa kukaa naye nyuma. Wale wa mbele walianza kuganda kwa kumsubiri. Ikabidi Mzee amwambie arudi kibandani. Akarudi.

Siku ya kushuka tulikutana naye getini. Alikuwa amesikia kuna mpagazi aliyeugua. Akanitafuta kwa kuuliza, akanishika bega, akaniambia pole kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Pole, kijana. Akanipa glavu zake. Hakujua. Nami nikazipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Jioni ile Mzee Nderumaki aliniambia nisije safari inayofuata, wala ile ya baada yake. Nikaanza kujitetea, kwamba kuumwa si kosa, mtu haombi kuumwa.

"Nani kakufukuza kwa sababu ya kichwa?" akasema. "Kichwa ni cha Mungu. Nakufukuza kwa sababu ya 'kipo'."

Ungedhani kijana aliyeambiwa hivyo alijifunza. Nilijifunza kweli, ila nilijifunza kitu tofauti: kwamba wakati mwingine niwe mwangalifu nisikae chini mahali pa wazi. Nikaja nacho huku. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mafunzoni, sikuelewa hata robo ya aliyosema mwalimu, na kila alipouliza nikajibu vizuri kabisa kwamba nimeelewa. Mabibi wa kanisani Farsta waliniuliza kama nyumba yangu ina joto. Ina joto, nikasema, nimevaa makoti mawili. Wenyeji walinipenda sana. Mgeni asiye na shida ni mgeni mzuri.

Halafu ukazaliwa wewe, nikakufundisha.

Unakumbuka ndani ya ndege, mwaka juzi, tukienda Krismasi kwa bibi yako Marangu? Nilikuwa nimekuahidi siku moja ya mlimani, kupanda mpaka kibanda cha kwanza na kurudi, na Bamdogo Elirehema, kiongozi kamili siku hizi, ndiye angetuongoza. Nikakuambia, "Atakuuliza kichwa kipo. Unajibu kipo." Ukarudia. "Kipo." Ukacheka jinsi linavyotoka mdomoni. Mtu wa kiti cha mbele akageuka. Nilijisikia baba kweli. Nimempa mwanangu kitu cha kwetu.

Tulipanda kesho yake baada ya kutua, na hukuwa umekula, na joto lilikuwa limekuchosha tangu uwanja wa ndege. Bamdogo alitaka tungoje siku mbili. Nani alisema hapana? Mimi nilisema, "Huyu ni mjukuu wa mlima huu." Getini akakuuliza. Ukajibu kama ulivyofundishwa, umesimama wima, unanitazama mimi na siyo yeye.

Ulipotapika nyuma ya kibanda nilikuona. Sijui kama unajua kwamba nilikuona. Ulijifuta mdomo kwa ncha ya mkono wa sweta, ile sehemu isiyoonekana ukikunja, nikatambua kwamba umefikiria kabisa pa kujifutia. Ukaja ukitabasamu. "Det är lugnt, pappa." Nami niliyewahi kuhesabu mayai kuanzia saba, niliyejua rangi ya majivu usoni pa mtu, nilisema nini? Nilisema, "Safi. Tumebakiza kidogo tu, twende tukaone ile kreta hapo juu."

Mengine unayajua kuliko mimi, ingawa ulikuwa umefumba macho. Bamdogo alikubeba mgongoni mpaka chini. Daktari alisema ni uchovu, maji machache na mwinuko, ukalala siku mbili, ukapona. Na usiku wa sikukuu, nyumba imejaa watu, nikawasimulia wajomba: "Mswidi wangu huyu, kibanda cha kwanza tu, chali!" Walicheka. Ulikuwa unapita na sinia ya vikombe. Na wewe ulicheka.

Nilikuwa najua nafanya nini, nadhani. Mtu akishaogopa kweli anatafuta watu wa kucheka nao upesi, ili hofu isikae peke yake.

Tangu siku hiyo hujawahi kuniambia kwamba unaumwa. Nimehesabu. Ulipovunjika kidole kwenye mpira wa mikono niliambiwa na shule. Ulipolia wiki nzima kwa ajili ya yule kijana wa Upplands Väsby, niliambiwa na mama yako, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikisoma gazeti. Kila nilipouliza ulinipa jibu langu mwenyewe, limetafsiriwa.

Kwa hiyo ulipolisema wiki tatu zilizopita kwenye meza hii, juu ya jedwali lako la rangi, niliona Cusco, niliona hoteli, niliona saa tisa usiku kichwa kinakugonga na Hanna amelala, na kesho yake gari liko nje na mama mmoja mpole anawauliza hamjambo, na wewe umesimama wima. Niliona utakavyojibu. Mtu mwenye akili angekuja akakuambia haya. Mimi nikaandika barua Peru.

Ninasoma vipeperushi vya utalii kama wengine wanavyosoma Biblia, natafuta kilichoachwa. Katika picha zote za magofu hayo hakuna mtu hata mmoja. Mawe, majani, ukungu, mlima ule uliochongoka kwa nyuma. Picha ya namna hiyo hupigwa alfajiri kabla geti halijafunguliwa, au hupigwa uongo. Wewe utakuta watu, na foleni ya basi, na mtoto analia, na kiongozi aliyeshika kijiti cha bendera. Usivunjike moyo. Mji ulijengwa na watu, kelele ni haki yake. Tena ukiona kijana amebeba mzigo mkubwa kuliko yeye, mpishe njia upande wa mlimani. Usimpishe upande wa bonde.

Tazama, nimeanza mawaidha. Narudi kwenye habari.

Ulipofunga mlango nilimwandikia tena Bi Justina. Kule bado ilikuwa mchana. Safari hii sikuwa mtaalamu wa kitu. Nikamwambia niliomba bila ruhusa ya mwenye safari, na kama Jumanne bado inawezekana, tafadhali airudishe kama ulivyoipanga mwenyewe. Amejibu nikiwa nasubiri chai ichemke. Jumanne ipo, nafasi zenu za treni zipo. Ameirudisha. Utakuta barua yake kwako pia.

Ameongeza mambo mawili. La kwanza, wageni wengine wakitua hawalali mjini kabisa. Anawachukua uwanja wa ndege moja kwa moja, anawateremsha bondeni kwenye mji mdogo inapoanzia treni, kuna hewa zaidi na Jumanne mtu anaamka amechelewa kidogo. Siku inabaki ile ile. Nilipoisoma nilisimama kwa furaha, nikaketi tena, kwa sababu sentensi iliyofuata ilisema hatabadilisha kitu tena mpaka apate neno lako wewe. Neno la baba halimtoshi. Mama huyu nimempenda.

La pili, ameandika hivi, natafsiri nilivyoweza: "Bwana, kila asubuhi tunawauliza wageni kama wako salama. Wote wanasema wako salama. Ndiyo kazi ngumu kuliko mlima."

Nimekaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Upande wa pili wa dunia kuna mtu anapita mstarini na kikombe cha kitu, anauliza swali la Mzee Nderumaki, na anapewa jibu langu.

Sikuombi uahirishe, wala ulale bondeni, wala usipande mlima ule wa nyuma. Panga unavyopanga. Begi lako nimelipitia hapo mlangoni, nisamehe kwa hilo nalo. Nilikuwa nimelichomekea kilo mbili za unga, sweta langu la sufu na tochi ya kazini. Nimevitoa vyote. Nikaliinua kwa mkono mmoja, kama tulivyokuwa tukiinua kila mzigo getini kabla ya kuukubali. Limefungwa vizuri, zito chini, jepesi juu. Sijui nani alikufundisha. Si mimi.

Na uwanjani Arlanda sitakuja, kwa kuwa umesema nibaki. Ila kazi ni kazi: hapo chini kwenye ngazi, karibu na mlango wa nje, kuna balbu inapepesa tangu Jumapili, na asubuhi nitakuwa naibadilisha. Mama yako atasema nimepanga. Nimepanga. Hakuna njia nyingine ya kutoka jengo hili, nalijua kuliko Wainka walivyojua lao.

Ukitaka kupita, pita. Nitasogeza ngazi yangu ya mbao nikupishe upande wa ukutani. Ukisimama, nitakuuliza swali moja unalolijua. Usinitazame usoni kutafuta jibu ninalolitaka. Jibu lolote utakalotoa, hata likichukua muda mpaka treni ya Arlanda ikaondoka, sitasema tumebakiza kidogo. Nitashuka kwenye ngazi, nisikilize.

Baba yako